Nikikonda Watasema

Daktari alikuwa kijana mdogo, mwenye ndevu za kuhesabika kidevuni, na hakunitazama usoni aliponiambia. Alikuwa anaitazama mashine ya presha.

"Maman, dix-neuf sur onze," akasema, kisha akanitafsiria kana kwamba sikukaa darasani hata siku moja. "Kumi na tisa juu ya kumi na moya. Na kilo iko cent dix-huit. Hii mubili itakuua."

Nikamjibu kwamba mwili huu umezaa, umezika, umepika pilau ya harusi za nusu ya Waislamu wa Lubumbashi, na haujawahi kumuua mtu. Hakucheka. Aliandika dawa mbili, na chini yake akaandika namba ya simu: Germaine, muuguzi, kundi la wanawake wanaopunguza kilo, kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, njia ya Kasapa. Dawa peke yake hazitoshi, akasema. Mwaka huu alikuwa amepokea wanawake watatu wa umri wangu walioanguka jikoni ghafla. Wawili sasa wanatembea kwa fimbo, na mmoja hakuamka.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mtu mwenye akili zake angepiga simu siku ileile. Mimi niliikunja karatasi mara nne, nikaitia ndani ya sidiria, nikaenda sokoni kununua vitunguu.

Naitwa Rehema, lakini tangu nizae watu wananiita Mama Mounira. Mounira ndiye mtoto wangu wa pekee. Yuko mwaka wa mwisho kwenye chuo kikuu, pale Kasapa, na baada ya wiki kumi alikuwa aolewe na Shafi, fundi wa umeme, kijana mtulivu ambaye babu zake walitoka Kasongo kama wa kwetu. Na kwetu sisi watu wa Maniema, angalau katika familia hizi zetu mbili, kuna desturi moja ambayo wageni huicheka. Upande wa mume ndio unaomvika mama wa bibi harusi. Hawakuletei kitambaa ukamtafute fundi wako. Shangazi wa mume anakuja mwenyewe nyumbani kwako na metre yake ya kushonea, anakupima, anaandika vipimo kwenye daftari, anaondoka nalo. Siku ya harusi unavaa gauni lao mbele ya watu mia tatu. Likikukaa vizuri, watu wanasema familia zimekubaliana. Likikubana, wanasema wakwe ni wachoyo. Na likikuning'inia, macho yote yanatoka kwenye gauni na kuja juu yako.

Shangazi wa Shafi alikuwa Mwajuma, na alikwisha kutangaza siku. Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Jumapili napimwa nikiwa na kilo mia na kumi na nane. Nikiingia kwenye kundi la Germaine, wiki kumi baadaye nina kilo mia na tano, pengine mia. Gauni la Mwajuma litanining'inia kama pazia. Na mimi, kati ya wanawake wote wa mji huu, ndiye nisiyeruhusiwa kuning'iniwa na nguo.

Sababu yake ni mume wangu. Abibu alikuwa dereva wa lori, njia ya Kasumbalesa mpaka kule chini Durban, mwanaume wa kilo tisini ambaye kicheko chake kilisikika kabla ya injini. Katika miezi minane alikauka. Aliponifia, miaka miwili iliyopita, wale waliobeba jeneza walisema ni jepesi kama la mtoto. Yeye aliniambia ni sukari, imeharibu figo. Lakini watu wana masikio yao. Dereva wa lori? Anayelala mipakani? Akonde hivyo halafu iwe sukari? Lisemwalo lipo, walisema, na waliyasema hayo uani kwangu, siku ya kilio, midomo yao ikiwa na mafuta ya pilau yangu. Neno lenyewe hawakulitamka, walisema tu "ile maladi", yaani ule ugonjwa. Kisha wakanigeuzia macho mimi mjane na kuanza kungoja. Walikuwa wananingoja nikonde.

Basi nikala. Sioni haya kulisema. Nilikula bukari, ndio ugali wetu, asubuhi, na sombe, majani ya muhogo kwa mawese, usiku, na katikati mikate ya mafuta, na kila sufuria niliyopikia watu niliionja mara tano. Nilipita sokoni polepole ili wanione vizuri. Mwaka wa kwanza niliongeza kilo ishirini, na kweli, maneno yakapungua. Shafi alipoleta barua ya posa, nilijua moyoni kwamba nimeilipia kwa mwili wangu.

Mounira alikwisha kuniambia kwamba huo ni ujinga. Siku hizi mwenye virusi anakunywa dawa zake na ananenepa kuliko wewe, alisema, unene hauonyeshi kitu. Nikamwambia najua, lakini mtaa wetu haukusoma chuo kikuu.

Alhamisi aliikuta ile karatasi ya daktari wakati wa kufua. Nilikuwa nachambua mchele. Akasimama mbele yangu, maji yakimchuruzika mikononi.

"Maman, kumi na tisa? Dix-neuf, na ulinyamaza?"

"Ni mashine yao. Imezeeka."

"Utaenda kwa huyu Germaine."

"Nitaenda. Nyuma ya ndoa."

"Nyuma ya ndoa utakuwa wapi? Unataka Shafi anioe siku ya kilio yako?"

Nikamwambia achunge mdomo wake. Akachuchumaa, akaweka kiganja chake chenye povu juu ya goti langu, na sauti ikashuka.

"Maman, baba alishaenda. Miye nitabakia na nani?"

Kuna maswali ambayo mtoto hapaswi kumuuliza mzazi asubuhi, kabla ya chai. Nikamwahidi kwamba Jumamosi nitakwenda kuangalia tu. Kuangalia si kujiandikisha.

Jumamosi nilifika nimejifunga kitenge changu kikubwa, kama anayekwenda kuhani msiba. Kundi lilikutana ndani ya uwanja wa shule, karibu na barabara ya Kasapa. Wanawake kama ishirini, wengine na raba, wengine na ndala, wamekwisha kutembea saa nzima na sasa wanahema. Juu ya tofali mbili walikuwa wameweka ubao, na juu ya ubao mizani. Kila mmoja alipanda, na mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni alisoma namba kwa sauti ambayo hata barabarani walisikia. "Kapinga, kilo tisini na ine!" Na wote wakajibu pamoja, "Tumesikia!" Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwa sababu kicheko ningejua la kukifanya.

Nilisimama langoni. Mwenye filimbi akanijia. Ndiye aliyekuwa Germaine, binti wa mfanyakazi wa reli kutoka Kongolo, mwenye msalaba mdogo wa fedha na miguu ya mtu ambaye hajakaa chini tangu azaliwe.

"Jambo, mama. Unatafuta nani?"

"Natafuta mutu moya. Bananiambia iko hapa."

"Anaitwa nani?"

"Rehema," nikasema. Ndilo jina lililonitoka, Mungu anisamehe.

"Rehema haiyafika bado," akasema Germaine bila kutabasamu. "Lakini weye uko. Ingia."

Alinikalisha kwenye benchi ya wanafunzi, nusu yangu ikabaki nje. Akanieleza taratibu zake. Hakuna dawa za kunywa, hakuna chai za kuharisha, hakuna mtu wa kuuza kitu. Kutembea, kupunguza bukari na mafuta, kupimwa kila Jumamosi. Lakini kabla ya kupanda mizani mara ya kwanza, kila mmoja analeta bilan complet: presha, sukari, figo, mapafu, damu yote.

"Damu yote?" nikauliza.

"Yote. Na SIDA ndani, ukimwi."

"Juu ya nini? Miye nakuya kupunguza kilo, sikuye kuolewa."

Germaine akakaa pembeni yangu. Aliishika filimbi yake kwa vidole viwili na kuizungusha.

"Mwaka yenye ilipita tulikuwa na Nkandu. Mwezi ya kwanza alipunguza kilo saba. Mwezi ya pili, kenda. Siye tukamupigia makofi. Tukamununulia pagne, kitenge mupya, juu alikuwa wa kwanza mu groupe. Miye mwenyewe, infirmière wa miaka makumi mbili, nilimwambia: endelea vile vile, ma chérie. Kumbe ilikuwa kansa ya tumbo. Tulimupigia makofi mpaka ku kaburi, mama. Sasa hapa kwangu hakuna mutu anakonda bila siye kuyua nini inamukondesha."

Nilimshukuru. Nikamwambia nitarudi. Nilitoka langoni kwa hatua za mtu mwenye shughuli, na nilipofika nyuma ya ukuta nikashika mti kwa mikono miwili.

Kwa sababu alikuwa amelitaja. Alilitaja bila kujua, jambo ambalo nilikuwa nimelizika chini ya kilo zote zile. Mounira alidhani naogopa midomo ya watu. Daktari alidhani mimi ni mwanamke mlafi. Mimi nilikuwa naogopa kitu kingine kabisa: sikujua. Sikuwahi kupimwa. Mume wangu aliniambia sukari, nami nilimwitikia ndiyo, na ndani ya moyo nilisema kile kile walichosema wanawake wa uani. Kama ningeanza kukonda, ningesimama mbele ya kioo kila asubuhi nikijiuliza ni miguu inayotembea au ni ile maladi, na nisingekuwa na jibu. Nilipokuwa naongezeka nilipata usingizi. Unene wangu ulikuwa unanidanganya mimi kabla ya kumdanganya mtu mwingine yeyote.

Nyumbani Mounira aliuliza, "Alors, namna gani?" Nikamwambia ni kundi la watu wa kelele, tutaona. Kisha nikala sambusa saba kati ya zile nilizokaanga kwa ajili ya mgeni wa kesho, moja baada ya nyingine, nikiwa nimesimama.

Mwajuma alifika Jumapili kwa wakati wake, yaani saa nzima baadaye, akinukia udi, na daftari la shule kwapani. Ni mwanamke mkubwa kama mimi, mwenye sauti ya kuamuru, mjane pia. Mume wake alifanya biashara Kipushi, akivuka mpaka wa Zambia kila wiki, mpaka akafia huko. Alisalimia, akauliza hali ya kila mtu hata waliokufa, akanywa maji. Mounira aliingia jikoni kuandaa sinia. Mwajuma akatoa metre, akaikung'uta.

"Simama, Mama Mounira. Nyosha mikono."

Alianza na mabega. Akaandika. Akazungusha kifuani, na metre ikabakiza vidole vinne tu kufika mwisho. Alipozungusha nyongani alilazimika kunikumbatia ili mikono yake ikutane nyuma yangu, na akabaki pale, shavu lake karibu na sikio langu, akicheka.

"Alhamdulillahi. Huyu njo mama. Niambie, na hasira usisikie. Pa kwetu balisema mingi juu ya Abibu. Bakanambia, Mwajuma, tusiingie mu ile nyumba, kuko bintu. Unayua miye nilibajibu nini?"

Akaivuta metre ikanibana zaidi.

"Nilibaambia: nendeni ku soko, muangalie muke yake. Muke wa kuwa na ile maladi anaweza kuwa na mubili ya namna hii? Bakanyamaza wote. Kweli nakwambia, Mama Mounira, mubili yako njo ilimuoza Mounira."

Akaniachia, akachukua kalamu, akaipeleka kwenye daftari. Niliitazama ile kalamu. Akiiandika namba ile, basi kwa wiki kumi nilikuwa na kazi ya kuilinda. Ningekula kwa ajili ya gauni. Ningemeza presha ya kumi na tisa, ya ishirini, mpaka siku ya harusi, kisha ingekuwa aibu kukonda mara tu baada ya harusi, kisha kungekuwa na mjukuu wa kungojea, na siku moja ningeanguka jikoni juu ya sufuria ya moto. Na nilijua pia kwamba nikifungua mdomo wangu, huenda mwanangu asiolewe. Yote mawili yalikuwa mbele yangu, wazi kabisa, na mkono wa Mwajuma ulikuwa unashuka.

"Yaya, usiandike," nikasema, nikimwita dada mkubwa kama tunavyoitana kwetu.

"Juu ya nini?"

"Hii mubili haitakuwa hapa siku ya ndoa. Nitaanza kuipunguza. Docteur alisema itaniua."

Mwajuma akacheka tena, lakini macho hayakucheka. "Ngoja ndoa ipite. Ukikonda sasa, unayua bantu batasema nini."

"Nayua. Miye mwenyewe nasemaka vile." Nikashusha mikono niliyokuwa nimeinyosha. "Yaya, Abibu alinambia ni sukari. Karatasi yake ya hopitali sikuiona. Miye sikupimwa. Ulibaambia bantu ya kwenu kama niko muzima, lakini ulisema kintu yenye miye mwenyewe siyui. Siyui, Yaya. Nitapimwa kesho."

Kitu kililia nyuma yangu. Mounira alikuwa mlangoni na sinia mikononi, na glasi zilikuwa zinagongana.

Mwajuma alikunja metre polepole kuzunguka vidole vyake. Alifunga daftari. Alitafuta kiatu chake kimoja kwa mguu, bila kuangalia chini.

"Miye nilikuya kupima nguo," akasema. "Kupima damu siyui." Na akaondoka, sambusa zote zikabaki kwenye sinia.

Nilingoja Mounira anipigie kelele. Ningependa anipigie kelele. Aliweka sinia mezani, akaketi mkekani, akakusanya miguu kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Miaka mbili?" akauliza.

"Miaka mbili."

"Na kila siku unalala na ile peke yako?"

Habari za ndoa hakuzitaja hata mara moja. Hapo ndipo nilipolia, na nilivyolia mimi, majirani walidhani tumefiwa.

Jumatatu alinisindikiza kwenye kituo cha afya. Germaine anafanya kazi pale siku za wiki, na ndiye aliyetafuta mshipa wangu, akachoma mara tatu kabla ya kuupata. Alijaza chupa nne. Majibu yote pamoja, akasema, Alhamisi.

Siku zile tatu simtakii hata adui yangu. Simu kutoka kwa Shafi ililia Jumatatu jioni. Mounira akaipokea nje, nikasikia tu "oui" na "non", ndiyo na hapana. Jumanne haikulia kabisa. Nilijaribu kusali, na nikajikuta nasali sala moja mara mbili. Chakula, nilichokitegemea miaka yote hii, kikaninyima msaada wake, nikarudisha sahani ikiwa imejaa. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati na kujiona uso umepungua, nikakimbilia kitandani nikijiambia yameanza. Siku mbili! Mtu hakondi kwa siku mbili, lakini nenda umweleze hivyo mwenye hofu. Ficheni maradhi, walisema wazee, kilio kitawafichua, na mimi nilikuwa nimefunua, na bado usiku nilikesha macho wazi.

Jumatano alasiri Mwajuma alirudi. Hakuwa na udi wala daftari. Aliketi kwenye kiti kilekile, akaweka mkoba magotini.

"Tulikalisha kikao," akasema. "Bamoya balisema tuvunje. Shafi akasimama. Akasema, miye naoa Mounira, si mubili ya mama yake. Akasema kama batavunja, ataoa peke yake ku mairie, ku ofisi ya serikali, na bo babakie na pagne yabo."

Mounira alikuwa jikoni. Nikasikia maji ya bomba yakifungwa.

"Na weye, Yaya, ulisema nini?"

"Miye? Nilikuwa na hasira na weye. Njia yote nilikuwa na hasira. Ulinifanya muongo mbele ya bantu yangu." Alitazama mikono yake. "Halafu, Lundi, Jumatatu usiku, nikalala nawaza. Bwana yangu alikuwa anavuka ku Zambia kila juma, miaka kumi na tano. Hakunionyesha karatasi. Sikumuuliza. Niko munene, nikasema basi, niko muzima." Akainua macho, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba Mwajuma naye anaogopa. "Mama Mounira, ile laboratoire yako, banafunguaka saa ngapi?"

"Saa moya."

Akaitikia kwa kichwa. Kuhusu gauni, alisema kitambaa hakitakatwa mpaka juma la harusi lenyewe. Nikonde, ninenepe, watakata kadiri watakavyonikuta. Hakuna shangazi aliyewahi kufanya hivyo, aliongeza, na mimi nisimtangaze. Alipoondoka Mounira alitoka jikoni, akanikumbatia kwa nyuma bila neno.

Basi ndoa ilikuwa imesimama, na bado Alhamisi nilikwenda kituo cha afya kama mbuzi anayevutwa kamba. Germaine alituita kwenye chumba kidogo, akafunga mlango, akampa Mounira bahasha kwa kuwa mimi nilikuwa nimeificha mikono ndani ya kitenge. Mounira alisoma kurasa mbili kwa macho, haraka, kisha akarudi kwenye ya kwanza.

"Négatif," akasema. "Maman, négatif. Iko négatif, hauna ile maladi."

Germaine alimwachia acheke na kulia kidogo, halafu akanieleza mengine. Sukari yangu ilikuwa imeanza kupanda, si sana. Figo ziko sawa. Mafuta ya damu ni mengi mno. Akatoa daftari la kundi lake, akaandika jina langu mwenyewe kwa herufi kubwa, bila kuniuliza.

"Posho, saa kumi na mbili," akasema, yaani Jumamosi. "Uvae biatu ya kutembea. Pagne ile kubwa uache ku nyumba."

"Nitakuya," nikasema, na nilimaanisha.

Nje kulikuwa na benchi chini ya paa la mabati. Nilimwambia Mounira tukae kidogo. Yeye alikuwa tayari anamwandikia Shafi kwenye simu, uso wake uking'aa, na mimi nilingoja furaha inifikie. Haikuja. Aliyekuja ni Abibu. Nilimwona kwenye godoro, miezi yake ya mwisho, akiomba maji. Mchana kutwa aliomba maji, Rehema nipe maji, kiu ambayo haikukatika, kiu ambayo sasa hata mtoto wa muuguzi angenieleza ni ya sukari. Karatasi ile ilizungumza juu yangu tu, najua. Juu yake mimi ndiye niliyepaswa kuamini, alipokuwa hai na ananiangalia.

"Mounira," nikasema. "Baba yako alinambia sukari, na sikumwamini."

Akaacha kuandika.

"Bale bantu balisema na midomo. Miye nilifanya mubaya zaidi. Nilimutengea kikombe. Ile ya bati, ya kijani. Nilikuwa naiosha peke yake na maji ya moto, naiweka mbali, mutu asikunywe ndani. Aliona. Hakusema kintu, lakini aliona."

Nilidhani atasogea mbali nami. Aliweka simu kwenye mkoba, akaufunga, akakaa akitazama njia ambapo wagonjwa walikuwa wanaingia.

"Nayua, maman," akasema. "Ukienda ku soko, miye nilikuwa nakunywa mu ile kikombe. Mbele yake. Ili aone."